Inchi Kumi na Tano

Goronwy amepiga magoti gerejini, Dolgellau,
mvua ikitwanga mabati.
Gari la baba, jekundu, la mwaka sitini na saba,
limepanda jeki kama mzee anayepimwa viatu.

Rimu mpya, inchi kumi na tano.
Heledd anapenyeza kidole kati ya tairi na madigadi:
"Kimoja tu. Kwenye kona litakwaruza."

Anajua. Anajua pia usukani utakuwa mzito,
na kwamba kwa tairi kubwa mita hudanganya,
huhesabu maili pungufu.
Hilo ndilo alitakalo:
tarakimu alizoziacha marehemu
zisifutike upesi.

"Kaza nati."

Kona ya kwanza, likakwaruza
kidogo, kama mtu anayekohoa mlangoni
badala ya kubisha hodi.