Kidole Gumba cha Mama

Muhula wa tatu tulifundishwa kupaka poda.
Brashi isikwaruze kioo, alisema Dakta Rweikiza,
ipite kama pumzi ya mtu anayesinzia,
na alama itajitokeza yenyewe:
kitanzi, tao, au kile kizingo
kama maji yanapozama tunduni.
Hakuna agusaye kitu akaondoka bure, akasema.
Nikaandika. Nikapiga mstari kwa wino mwekundu.

Likizo nikapanda basi la Newala.
Poda sikuwa nayo; vifaa vya maabara havitoki maabara.
Nikakwangua masizi ya sufuria ya ming'oko,
nikayachekecha kwa kipande cha kanga,
brashi nikaazima kwa Somoe, mdogo wangu,
ile anayojipakia mashavu siku za harusi.
Selotepu, mia tano, dukani kwa Nampota.

Nilianza na Somoe: vitanzi, vidole vinane kati ya kumi.
Mjomba Likapa: tao, na kovu la panga limelikata kati.
Bi Mwanaidi wa jirani akaja na wajukuu,
uani pakawa kama kituo cha kupigia kura,
kila mtu anakitazama kidole chake
kana kwamba amekiokota njiani.

Mama alikuwa wa mwisho. Alitoka jikoni
anajifuta kwa pindo la kanga.
Nikamshika gumba, nikaligandamiza kwenye glasi,
nikanyunyiza masizi, nikapitisha brashi.

Doa.
Jeusi, laini, kama punje ya ubuyu iliyokwisha kumumunywa.
Nikarudia. Cha shahada. Cha kati. Cha pete.
Nikamnawisha kwa sabuni,
na maji ya Newala hayamwagwi hovyo.
Doa, doa, doa.

"Usijisumbue," akasema, "hata mashine ya laini ilinikataa.
Yule kijana alinisugua kwa spiriti
mpaka foleni ikaanza kuguna.
Nikamwambia, mwanangu, mimi nipo,
vidole ndivyo havipo."

Misimu kumi na tisa amebangua korosho.
Majivu viganjani kwanza, kisha korosho juu ya jiwe,
pigo moja, ganda linapasuka, linatema
yale mafuta yasiyojua mkubwa wala mdogo.
Ngozi hubanduka kama ya kitunguu,
hurudi, hubanduka.
Kilo kwa kilo: sare, viatu, kidato cha nne,
godoro la hosteli, ada ya kozi
ya kusoma vidole vya watu.

"Kwa hiyo nikiiba," akauliza, "hamnipati?"
Watoto wakaangua kicheko. Nami nikacheka,
nikainama kufunga kopo la masizi
lililokuwa limefungwa tayari.

Usiku nikatoa kirungu chake chini ya uvungu,
kile cha mpingo, cha kubangulia.
Mpini umelika upande mmoja, pana bonde dogo
mahali gumba lake lilipokaa miaka yote hiyo.
Nikatia langu. Likapwaya.
Selotepu nilikuwa nayo mkononi, sikuibandika.
Fomu zetu zina kisanduku cha kitanzi,
kisanduku cha tao, kisanduku cha kizingo,
na mstari mfupi wa "mengineyo".

Jumatatu tukaenda kusajili laini yake
kwa jina langu, kwa gumba langu.
Mashine ikalikubali mara moja, ikapiga mlio wa furaha.

Sasa simu ikiita hosteli, saa nne usiku,
huanza na bei ya mnada, kisha kikohozi cha Somoe,
kisha, umekula? Umekula nini?
Na kwenye kumbukumbu za kampuni
aliyepiga ni mimi, aliyepokea ni mimi.
Siku mchunguzi akizifungua
atamkuta mtu mmoja tu,
anayejipigia kila usiku
kujiuliza kama amekula.