Mikroni Nane

Saa kumi na moja alfajiri, Redditch.
Theluji iliyoshindwa kuwa theluji inatonatona juu ya bati.
Nimeiwasha mashine mapema, dakika arobaini,
izunguke bure, ipate moto,
maana kerezo baridi husema uongo asubuhi
na uongo mwingine ifikapo saa nne.
Kazi yangu ni kujua ni uongo upi
na umezidi kwa kiasi gani.

Watu hudhani kompyuta ndiyo inayokereza.
Kompyuta hutii tu: nenda, rudi, nenda tena.
Haijui kwamba ncha ya kisu imeanza kuchoka.
Mimi naisikia; sauti inapanda kidogo,
kama mtu anayebana kikohozi msikitini.

Pini ya leo: kipenyo milimita arobaini na mbili.
Isizidi hata chembe.
Ikipungua, isivuke mikroni nane.
Unywele wa Glenys, siku tuliyoupima kwa mchezo,
ulikuwa na mikroni sitini na tano.
Upasue mara nane, chukua uzi mmoja:
ndani ya uzi huo ndimo unamotoka mkate wangu.

(Karakana ya reli, Morogoro, fundi Mbegalo
alipitisha ukucha juu ya ekseli akasema, "Bado."
Na kweli ilikuwa bado.)

Kipande cha kumi na saba.
Maikromita: arobaini na moja, nukta, tisa tisa moja.
Kimepungua mikroni tisa.
Nimekosa kwa moja.

Nikakishika.
Nikakishika muda wa kunywa nusu kikombe cha chai,
nikijifanya nasoma mchoro,
nikapima tena.
Tisa tisa mbili.
Kimepona!
Joto la kiganja changu limekivimbisha
kadiri ile ile niliyoihitaji, si zaidi.

Wala sikuwa nimedanganya. Namba ilikuwa pale, ya kweli,
na Glenys hupima kimoja katika kila vitano:
cha kumi na tano, cha ishirini.
Cha kumi na saba hakina mwenyewe.

Lakini chumba cha Glenys hakina msimu.
Nyuzi ishirini Januari, nyuzi ishirini Agosti,
na meza ya jiwe la itale
isiyo na ndugu wala shemeji.
Nikabisha hodi. Nikakilaza mwenyewe juu ya lile jiwe
nikarudi kazini, na baada ya saa moja
kilikuwa kimesahau kila tulichokubaliana.
Tisa tisa moja.

Sanduku jekundu. Karatasi: A. Mkwizu, zamu ya asubuhi.
Glenys hakusema pole. Alisema, "Pauni mia tatu na kumi,"
kisha akanikatia nusu ya keki yake,
ile yenye zabibu, ambayo hampi mtu.

Cha kumi na nane kikizunguka nyuma ya kioo,
maji meupe yakikimwagikia,
nilikuwa nahesabu mizani kwa vidole vyenye mafuta:

    Chuma hakina huruma, kikikosewa si chako,
    Ukikipima kwa homa, kitasema neno lako,
    Kilaze jiweni, koma, kisahau mkono wako.

Nane, nane.
Nane, nane.
Nane, tisa.

Ile *m* ya mkono ndiyo inayozidi.
Nilijaribu "kono lako", likawa kono la zimwi.
Nilijaribu kuuondoa kabisa,
mshororo ukapoa, ukawa sahihi, haukuwa na mtu ndani.
Wajuzi wa nyumbani wangeuita guni
na kunirudishia mezani.
Nimeuacha.
Sanduku jekundu ni la vyuma.

Saa nane mchana natoka.
Basi limechelewa, upepo unatoka upande wa maegesho.
Nimetia mkono mfukoni,
ule ule.