Kituo cha Saba

Kadi ni ndogo kama ukucha wa mtoto.
Ndani yake mna miezi mitatu ya bonde,
usiku na mchana, dakika tano katika kila kumi,
na mimi, Nolfa, nimepewa niisikilize
hapa jikoni, jiko la kuni likivuma,
hedfoni za bei rahisi zikinibana masikio.

Kwanza mvua.
Kusini mwa Chile mvua hainyeshi, inaishi;
ina chumba chake katika kila nyumba.
Kwenye picha ya sauti ni ukungu wa kijivu
uliofunika masafa yote, juu mpaka chini,
wala huupangusi kwa kitambaa.
Kisha chukao, ndege wa kifua chekundu,
mwenye makelele kuliko mwili wake.
Kisha msumeno wa jirani yetu Baldomero,
anayeapa mbele ya padri kwamba hakati miti.
Ninamwona Jumanne, saa nane na robo,
mstari mnene, mweusi, haukatiki.
Jina sikuandika. Fomu ina visanduku vinne tu:
Chura. Ndege. Mvua. Kelele.

Tunayemtafuta hafiki kidole gumba changu.
Pua imechongoka kama ncha ya jani,
kijani huyu, kahawia yule.
Dume humeza mayai yanapoanza kufurukuta,
hulea viluwiluwi kooni,
katika mfuko uleule wa kuitia,
mpaka siku anapopiga mwayo
na mtoto akaruka nje, miguu minne kamili.
Huku watu humwita mchungaji,
kwa kuwa sauti yake ni mluzi,
mluzi wa mtu anayerudisha ng'ombe.
Miaka sita hakuna aliyemsikia korongoni humu.
Wengine wanataja kuvu ya ngozi inayosafiri na maji;
wengine, mikalitusi iliyopandwa kule juu,
inayokunywa bila kushiba.

Kadi ya kituo cha saba niliiacha mwisho.
Arsenio Lefimil ndiye aliyekifunga kinasa kile
kwa mkanda wa mpira kwenye shina la koiwe,
wiki mbili kabla mapafu yake hayajamkatalia.
Nilijua atakuwemo. Kanuni ndiyo hiyo:
taja tarehe, taja kituo, ondoka.
"Tarehe nne Novemba. Kituo cha saba.
Betri mpya. Buti zangu, hapana."
Kikohozi. Kisha hatua kwenye matope,
zikififia.

Na baada ya hatua, mluzi.

Mara nne. Mfupi, safi, unapanda kidogo mwishoni.
Programu imeuzungushia boksi la kijani:
chura, asilimia sitini na moja.
Lakini programu haikumjua Arsenio,
aliyechunga ng'ombe wa watu tangu ana miaka saba,
aliyepiga mluzi kwa pengo la jino
akipanda mlima, akifunga geti, akisubiri chai,
hata kanisani, mkewe akimfinya.

Nimerudisha nyuma mara kumi na tisa.
Kuni zimekwisha, sijaongeza.
Mara ya tisa ni chura, naapa.
Mara ya kumi na mbili nasikia pumzi kabla ya mluzi,
na chura havuti pumzi hivyo.
Mara ya kumi na tano, mluzi wa tatu na wa nne
unatoka pande mbili,
kana kwamba mmoja aliita
na mwingine akaitika.

Sikuweka alama. Si Chura, si Kelele.
Kelele! Nani angethubutu.

Leo nimevaa buti zake, mkewe kanipa,
na soksi jozi mbili zisinivuke.
Nimeshuka korongo, nimebadilisha betri,
nimemtoa konokono kwenye sponji ya maikrofoni.
"Tarehe kumi na mbili Februari. Kituo cha saba."
Sauti imenitoka nyembamba.
Taa nyekundu ikawaka, ikazima, ikawaka.
Nikakaza midomo
nikapiga mluzi mmoja, mbaya, wenye mate,
ambao mtu wa maabara kule Valdivia ataufuta,
kisha nikabana pumzi
nikahesabu.