Tisini na Nane

Sista Nyamvula kambana Mbeyu kidole
kwa kibanio chenye taa nyekundu.
Tisini na nane kwa mia, kikasema.
Oksijeni imejaa.
Na mke wangu anahema
kama aliyepanda ghorofa nne na ndoo kichwani,
naye katoka langoni tu hadi benchi hili la Makadara.

Mimi nauza maji. Majengo, Sidiriya,
mitungi kumi na minane kwa safari.
Hesabu naijua.
Hii ilinipiga chenga.

Sista akamvuta ukope wa chini:
ndani hamna wekundu, ni nyama ya dafu.
Karatasi ya maabara ikaja: saba nukta mbili.
Damu nzito kuliko maji, huambiana watu matangani.
Hii ya Mbeyu imekuwa tui la tatu.

Ndipo nikakumbuka
siku askari wa kaunti walipozoa mikokoteni yetu,
thelathini, ikasalia tisa.
Ile tisa ilijaa hadi shingo za mitungi.
Ungesimamisha wowote ukachungulia
ungesema: maji si haya, tele, mnalilia nini?
Na Majengo ikalala na vyombo vya jana.
Tulikimbia siku ile, tisa kwa kazi ya thelathini,
hadi ekseli ya Nyundo ikalia kama mbuzi.

Namtazama Mbeyu shingoni.
Mshipa unakimbia vivyo hivyo.

Kibanio hakikusema uongo.
Kinauliza kila mkokoteni upitao: umejaa?
Umejaa.
Hakiulizi: imebaki mingapi?

Na mimi niliyelala naye, niliuliza?
Udongo wa Marikiti aliofunga kwenye pindo la leso,
akiumung'unya usiku akidhani nimesinzia,
nikacheka, nikasema mimba ina vituko.
Barafu aliyotafuna. Chai kavu juu ya kila mlo.
Vile alivyosimama katikati ya ngazi,
mkono ukutani,
akijifanya anasoma tangazo la fundi wa televisheni.
Nikamwita mvivu.
Kwa sauti, majirani wakiwepo.

Amepewa vidonge vya chuma.
"Nikinyeshewa, sitashika kutu?" kamuuliza Sista,
na kicheko kikamkata pumzi,
tukangoja sote watatu irudi.

Chembe mpya huundwa ndani ya mifupa, Sista asema,
hazina haraka, zitachukua miezi.

Nje ya lango mkokoteni umelala mtupu.
Nimetandika gunia, nimemwambia panda.
Hataki. Watu watasema.
Waseme.
Nimezoea mzigo unaotikisika na kumwagika,
huu nitausukuma kama yai.
Na tukifika kwenye ngazi zetu
tutasimama katikati,
tulisome tangazo lile la fundi
pamoja, neno kwa neno,
mpaka nambari ya simu.