Nondo

Baba aliikita mwaka uliozaliwa, Hiltje:
nondo ya chuma, ikapenya udongo mweusi wa mboji
mita baada ya mita
hadi ikagota mchanga usiokwenda popote.
Kichwa chake kilikuwa sawa na nyasi.
Ng'ombe walikikanyaga bila kujua.

Ulipoanza shule kilifika kwenye kifundo cha mguu.
Mimi nikadhani chuma kinaota kama mche.
"Si chuma kinachopanda," ukasema,
"ni sisi tunaoshuka."
Baba akanyamaza. Mama akakuongezea maziwa.

Ukaenda Wageningen na baiskeli ya Baba.
Ukarudi na kurasa mia nne kuhusu maji:
kwamba mboji ikikaushwa huungua bila moto,
bandu bandu, shamba zima, na hakuna anayeona moshi.
Nilisoma ukurasa wa kwanza tu, zizini:
*Kwa Wobbe, anayebaki na ng'ombe.*
Mpaka leo ukurasa huo unanuka maziwa.

Nondo ilikuwa chini kidogo ya goti
walipokuja jikoni kwako watu watatu wa chama,
makoti yamelowa mvua.
Kila mmoja biskuti moja, kisha ukalifunga kopo.
"Nchi inahitaji mtu anayejua," wakasema.
Ukadhani kujua kunatosha.

"Dakika mbili, Profesa," alisema Spika.
Kurasa mia nne, dakika mbili.
Ukatupa kwanza majedwali,
kisha desimali,
mwisho ukaitupa *labda*,
neno ulilolipenda kuliko yote.
Ndipo magazeti yakaandika kwamba unashusha nondo.
Nikacheka peke yangu. Nondo nilikuwa nayo mimi,
na haikushushwa na mtu, ilikuwa imesimama,
sisi ndio tuliokuwa tukishuka.

Naibu Waziri wa Maji. Gari jeusi, dereva aitwaye Evert.
Muswada wako: maji ya mifereji yapande sentimita arubaini,
malisho yalowe, mboji ipone.
Matrekta yakaingia Den Haag alfajiri, taa zikiwaka.
Moja nililiendesha mimi.
Ndiyo. Bora nilisema hapa.
Na lile bango,

Profesa ana vitabu, ng'ombe hali karatasi,
Aje apime taabu, rula haishibi nyasi,

herufi zake nilizipaka mimi, mkono ukitetemeka
kwa baridi, au nasema tu ni baridi.
Ulisimama dirishani ghorofa ya tatu.
Sijui kama uliniona. Hatujawahi kuulizana.

Usiku ule, kwa kahawa na mabega yaliyochoka,
arubaini ikawa thelathini,
thelathini ikawa ishirini,
ukatia sahihi.
Wiki iliyofuata mbunge mmoja kijana, shati halijapigwa pasi,
akafungua kitabu chako ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili:
*Sentimita ishirini haziokoi udongo, wala mkulima.*
Akasoma polepole. Akazitumia dakika zake zote mbili.
Ukainuka. "Mwandishi huyo," ukasema, "alikuwa sahihi."
Ukumbi ukaangua kicheko.
Wewe hukucheka.

Watu hudhani ulijiuzulu. Hukujiuzulu.
Ulikaa hadi uchaguzi, ukijibu barua za wakulima
kwa mkono wako mwenyewe, hata zile za matusi.
Chama kikapoteza viti saba. Evert akapewa mtu mwingine.

Jumapili hii umekuja na buti za zamani na rula ya mbao.
Nondo inanipita goti, inalitafuta paja.
Sikukwambia kwamba nusu ya ng'ombe nimeuza,
kwamba masika mawili yaliyopita niliuziba mfereji wetu
na maji yakapanda arubaini kamili, bila sheria,
bila bango.
Lakini buti zako zililia *chwa, chwa*,
ukanitazama, ukatazama nyasi,
ukapiga magoti kwenye maji.

Ukaitafuta alama ya mwaka jana kwa kucha.
Ukapima. Ukafuta miwani, ukapima tena.
"Haijasogea?" nikauliza.
Profesa, mheshimiwa, dada yangu,
matope hadi kiunoni,
ukakaa kimya zaidi ya dakika mbili.

"Labda," ukasema.