Saa Tisa na Nusu, Masijala

Saa tisa na nusu ofisi hufungwa,
wenye pikipiki hutangulia,
na Newala hubaki na baridi yake.
Chilumba wa idara ya maji anavuta kiti,
kile chenye mguu uliofungwa mpira wa baiskeli:
"Bi Asumini, leo zamu yangu kufundisha."

Ana miaka ishirini na saba.
Mimi nimebakiza miezi saba nistaafu.

Mwezi wa pili aliiona hesabu yangu,
bili za Mnyambe, nilizojumlisha kwa kalamu:
sufuri moja imekalia kiti kisicho chake.
Hakupeleka dokezo kwa mkubwa.
Alirudisha mlango, akakaa ubavuni pangu,
akasema, "Hata mimi iliwahi kunitokea," akanyamaza,
akanikabidhi kipanya.
Kipanya! Kilinikimbia kama panya kweli,
kikapanda pembeni mwa skrini, kikajificha.
Nilicheka hadi Sijaona, mlinzi wetu,
akachungulia dirishani.

Sasa najua kuiamuru safu ijijumlishe.
Najua pia kutoiamini kabla sijaihakiki,
na hilo nimemfundisha yeye.

Maana naye aliniletea barua ya kwenda vijijini:
"Kwa mujibu wa somo tajwa hapo juu,
wananchi mnaarifiwa kuzingatia usitishwaji wa huduma..."
Nikamuuliza: mama yako kule Kitangari akiisoma hii
atajaza ndoo, au atatafuta wakili?
Akaguna. Aliudhika, sikufichi;
siku mbili alinisalimu kwa mbali, kama mdaiwa.
Ya tatu akaja na karatasi mpya:
"Jumanne maji hayatatoka.
Jazeni vyombo Jumatatu.
Fundi ni Nampota."
Nikaigonga muhuri bila kuisoma mara ya pili.

Semina nimehudhuria, usidhani.
Mtwara mjini, ukumbi wa feni nne,
nikarudi na begi lenye nembo, na posho,
na kalamu iliyokauka njiani, kabla ya Tandahimba.
Hapa posho hakuna. Cheti hakuna.
Kuna mihogo ya kuchemsha, siku akikumbuka.

Kwenye chai wananiuliza:
mtu wa kustaafu anasomea nini, cheo cha kaburini?
Siwajibu. Nawaza mikorosho ya baba,
iliyochoka, inayodondosha punje za kuhesabu,
tulivyoikata vichwa, tukaibebesha vikonyo vichanga,
na msimu wa tatu magunia yakapungua ghalani.
Watu walisifu vikonyo.
Mizizi haikusifiwa na mtu, ila kikonyo bila mzizi
ni kijiti cha kuchokonolea meno.

Leo somo lake limenishinda.
Anarudia mara ya nne, wala hapandishi sauti,
ndipo umeme unakatika
na skrini inameza kazi yetu yote.
Tunatazamana gizani.
"Hukuihifadhi?" namuuliza.
Kimya.
Nachomoa kalamu, navuta daftari karibu na dirisha.
"Sogea," namwambia. "Zamu imehama."