Ncha Ilipochelewa

Saa nane usiku, Kaunas. Theluji imekaa dirishani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Daiva ametunga uzi wa shanga arobaini na moja,
kila ushanga ni namba tatu na deni kwa jirani yake,
akauzamisha katika kimiminika kizito
kisichokuwepo popote ila kwenye hesabu.

Huko, ukiacha kusukuma, umesimama papo hapo.
Hakuna kuteleza, hakuna akiba ya mwendo.
Kwa kiumbe cha udogo huo, maji
ni asali ya baba yake, Vytenis, mwezi wa Januari:
kijiko kinasimama wima
na hakiombi msaada.

Mara ya kwanza aliupa uzi ukakamavu wa chuma.
Ukaenda kushoto, ukarudi kulia, njia ileile,
mapigo elfu sita.
Skrini ikatoa jumla ya safari:
sifuri.

Akacheka peke yake. Halafu hakucheka.
Jumapili kwenye simu walikuwa hivyohivyo:
"Uza mizinga, baba, mgongo huo hautakungoja."
"Na wewe lini utaacha kuchezea nyuzi?"
Neno limekwenda, neno limerudi, nyayo zilezile,
miaka minne.

Akaulegeza uzi, akazidisha.
Mtikiso ukafia kwenye ushanga wa tano;
mkia wote uliobaki haukupata habari.

Basi akawa anapunguza, anaongeza, anapunguza,
kama atafutaye stesheni kwenye redio kuukuu,
chai imepoa, taa ya korido imejizima yenyewe,
na jaribio la kumi na saba, ncha ikachelewa.
Shina limekwisha geuka, ncha bado inakwenda;
kwenda kukapata umbo lake, kurudi likawa jingine,
na katika mwanya huo mwembamba
uzi ukasogea.

Si sana. Upana wa ushanga mmoja na robo.
Aliupima mara tatu, kama mtu anayehesabu mshahara.

Jumapili mzee akaanza: "Na wewe lini..."
Jibu lilikuwa mdomoni tayari, limenyooka.
Akaliacha lichelewe.
"Ule mzinga wa buluu," akauliza, "nyuki wako hai?"

Kimya kikapita, kizito, kilomita tisini za kimya.

"Asubuhi nimeweka sikio," baba akasema.
"Wanavuma."